Daraja Limepanda

Nchi ya Heko haimo katika ramani yoyote, kwa sababu ramani yake bado iko kwenye rasimu ya tatu na kamati haijakubaliana bahari ikae upande gani. Msomaji asihangaike kuitafuta. Wala asiilinganishe na nchi yake mwenyewe, ambako mambo ni tofauti kabisa, na sisi hatuna shaka hata kidogo juu ya hilo.

Heko walikuwa na sheria nzuri sana. Sheria ilisema kwamba jambo lolote ambalo halijaandikwa katika gazeti la serikali halijatokea. Ng'ombe aliyekufa bila kuandikwa alihesabiwa mzima. Mvua isiyoandikwa haikunyesha, hata kama watu waliisimulia wakiwa wamelowa. Mwaka wa kwanza wa sheria hiyo matatizo ya nchi yalipungua kwa nusu, na mwaka wa pili yakabaki mawili tu, tena yote ya nchi jirani.

Basi masika moja Mto Lwindi ulijaa, na daraja la kijiji cha Mtapata likakatika katikati, likaenda na maji. Wanakijiji walilitazama likienda. Lakini kwa mujibu wa sheria daraja lilikuwa bado lipo, na hakuna fundi wa serikali anayeruhusiwa kutengeneza daraja lililopo.

Mjumbe wa kijiji, Mzee Libaba, akaita watu.

"Lazima tuandike makala," akasema. "Nani hapa anajua kuandika?"

Watu wakatazamana, kisha wakamtazama Somoe, aliyekuwa amekaa nyuma ya watu wote akichora chini kwa kijiti. Somoe aliishia darasa la tano. Hakufukuzwa wala hakushindwa. Shule yao ilipandishwa hadhi ikawa Ofisi ya Takwimu za Elimu, na tangu hapo takwimu za elimu zikawa nzuri mno. Alikuwa msichana wa kusema kwa sauti ndogo, na akisalimiwa ghafla alificha uso kwenye kanga.

"Mimi siwezi," akasema.

"Utaweza," akasema dada yake, Mwajabu, aliyekuwa na mimba ya miezi minane. Zahanati ilikuwa ng'ambo ya mto. "Usipoweza wewe, mimi nitazalia wapi? Kwenye jamvi la Mzee Libaba?"

Watu wakacheka. Somoe akaenda ndani, akakaa na penseli tangu asubuhi hadi adhuhuri, akatoka na karatasi yenye sentensi tatu:

*Daraja la Mto Lwindi limevujika. Dada yangu ana mimba ya miezi minane. Tunaomba mtutengenezee.*

Kila mtu aliyesomewa alisema ni nzuri. Mzee Libaba aliomba asomewe mara mbili. Kesho yake Somoe akafunga karatasi ndani ya mfuko wa nailoni, akaushika kwa meno, akavuka mto kwa kamba.

*

Ofisi ya gazeti ilikuwa na ghorofa saba, na kila ghorofa ilikuwa na rasimu yake. Makala iliingia chini ikiwa rasimu ya kwanza, na ikifika juu ilikuwa ya saba, tayari kuchapwa. Ukutani palikuwa na maandishi makubwa: HAPA HAKUNA ANAYELAZIMISHWA. Na kweli hakuna aliyelazimishwa. Chini ya kila rasimu paliandikwa: *Mwandishi anaridhia?* pakiwa na visanduku viwili, cha ndiyo na cha hapana. Kwenye kisanduku cha ndiyo palifungwa kalamu kwa uzi. Kalamu ya hapana ilikuwa kabatini, na mwenye ufunguo yuko likizo. Lakini ukiiomba ungeletewa. Somoe hakuiomba, na hilo tutalikuta tena mbele.

Ghorofa ya kwanza alimkuta Bwana Chipeta, mhariri, mtu mwenye tumbo la heshima na miwani mbili, moja ya kusomea na moja ya kusemea na wageni.

"Shikamoo, bwana."

"Marahaba, binti. Lete tuone." Akasoma. Akavua miwani ya kusomea, akavaa ya wageni, akasoma tena. Kisha akaita ofisi nzima. "Jamani, njooni! Njooni muone! Daraja limevuja!"

Wakaja, hata wapiga chapa na mpika chai.

"Limevujika!" akasema mmoja. "Liwekewe ndoo chini!"

"Au liitiwe fundi wa mapaa!"

"Binti, umesoma mpaka wapi?"

Somoe akasema jambo ambalo hakuna aliyelisikia.

"Wapi?"

"Darasa la tano."

"Aa," wakasema wote kwa pamoja, na ile *aa* ilimshuka Somoe kutoka utosini mpaka kwenye nyayo. Alitamani sakafu ya ghorofa ya kwanza ipasuke aangukie chini, ingawa chini palikuwa na mlinzi naye angeuliza.

Bwana Chipeta, kwa kuwa alikuwa mtu wa haki, hakuikataa karatasi. Aliituma Idara ya Maji ithibitishe kama daraja linavuja. Baada ya siku nne jibu likaja na mihuri miwili: *Idara haina taarifa ya daraja lolote linalovuja. Madaraja yote ya Heko ni makavu.* Somoe, aliyekuwa amelala siku zote hizo kwa shangazi wa jirani yao, akaonyeshwa mahali pa kuweka n. Akaiweka. Akatia alama kwenye ndiyo.

"Umeona?" akasema Bwana Chipeta. "Sasa unaandika kama mtu."

Somoe akafurahi, na aliona haya kwa kufurahi kwake.

*

Ghorofa ya pili ilikuwa ya Bi Asteria, Afisa wa Vitenzi. Alimpa Somoe kiti, akampa chai, akamwita "mwandishi". Tangu azaliwe Somoe alikuwa ameitwa "wewe", "we mtoto" na "mdogo wake Mwajabu". Aligeuka nyuma kutazama mwandishi aliyeingia.

"Mwandishi, hili neno *limevunjika* ni neno zuri," akasema Bi Asteria, "lakini ni la nchi jirani. Kwetu vitu havivunjiki. Tazama," akamwonyesha kitabu. "Kuvunjika, kukauka, kuoza, kufa: hivi vyote ni vitenzi vya kigeni. Sisi tunacho *kupumzika*. Unaonaje?"

"Lakini mama, daraja limekwenda na maji."

"Si ndiyo kupumzika huko? Kitu kilichofanya kazi miaka thelathini kikiingia majini kinapumzika. Wewe ungetaka libaki limesimama tu juani?"

Somoe akalifikiria daraja likisimama juani miaka thelathini. Kwa kweli alilionea huruma. Akatia alama kwenye ndiyo.

Ghorofa ya tatu walisema mimba ni habari ya ndani ya nyumba, na miezi minane ni takwimu, na takwimu hutolewa na ofisi husika. *Dada yangu ana mimba ya miezi minane* ikawa *Dada yangu ana matumaini makubwa*. Somoe alilitazama neno *matumaini* na kuona kwamba si uongo. Mwajabu alikuwa nayo. Ndiyo.

Ghorofa ya nne walisema *Tunaomba mtutengenezee* ni sawa na kusema kuna kilichoharibika. Wakaandika *Tunaomba muendelee hivyo hivyo*. Somoe akanyanyua kalamu, akaishusha, akainyanyua. Karani akasema, "Mwandishi, chai inapoa." Ndiyo.

Ghorofa ya tano walimpiga picha.

*

Kikwazo kilikuja ghorofa ya sita, ambako makala ilisomwa na mjumbe wa Wizara ya Madaraja. Wizara hiyo ilikuwa na watumishi wa namna mbili: nusu walikuwa wahandisi wa madaraja ya mito, na nusu walikuwa wapanga madaraja ya vyeo. Tangu ianzishwe hakuna aliyethubutu kuuliza ilikusudiwa madaraja yapi. Zamu hiyo ilikuwa ya mtu wa vyeo.

"*Daraja limepumzika*," akasoma, na uso ukamharibika. "Haiwezekani. Daraja halipumziki saa za kazi. Daraja hupanda au hushuka. Hili la kwenu limefanya lipi?"

Somoe akakusanya ujasiri wote aliokuwa nao, nao ulikuwa mdogo, akasema, "Limeshuka, bwana. Limeshuka na mto."

"Limeshuka!" Mtu wa vyeo akafunga mlango, kisha dirisha. "Binti yangu, unajua unasema nini? Anayeshushwa daraja ni mtumishi mlevi, au mwizi wa karatasi. Kijiji kizima kishushwe daraja kimefanya nini? Unataka wazee wako waitwe?"

"Hapana, bwana!"

"Nami sitaki. Una sura ya mtu mwema. Basi limepanda."

"Limepanda?"

"Andika limepanda. Hakuna aliyewahi kuitwa kwa sababu ya kupanda."

Hapa ndipo tuliposema tutarudi. Somoe alijua. Tusimtetee. *Matumaini* unaweza kuyazungusha yakawa kweli, na *kupumzika* nako unaweza, ukijitahidi. Lakini Somoe aliliona daraja kwa macho yake likipinduka kama mbuzi aliyezidiwa na maji, na alijua limekwenda upande gani. Alifikiria kuomba kalamu ya hapana. Ili kuiomba ilibidi ainue sauti, kwa sababu karani alikuwa mbali. Angecheka, kama walivyocheka wale wa chini. Angeuliza, "Umesema umesoma mpaka wapi?" Isitoshe, picha ilikuwa imeshapigwa.

Akatia alama kwenye ndiyo, na alama ile ikatoka nzuri kuliko zote, kwa sababu mkono ulikuwa umezoea.

Makala ilitoka ukurasa wa kwanza:

HEKO KWA KUPANDA DARAJA
*Na Mwandishi Somoe wa Mtapata*
*Daraja letu la Mto Lwindi limepanda. Dada yangu ana matumaini makubwa. Tunaomba muendelee hivyo hivyo.*

Kulikuwa na picha yake, kanga imekaa vizuri, jicho moja tu limefumba. Somoe alinunua nakala moja, akaenda nyuma ya ofisi asipoonekana, akaitazama picha ile muda mrefu kuliko alivyoitazama makala.

*

Katika nchi ya Heko hakuna jambo jema linaloachwa bila kupongezwa. Wiki ya pili, Waziri wa Madaraja, Mheshimiwa Ngwale, akaamua kwenda mwenyewe kukipongeza kijiji kilichopanda. Barabara iliyokuwa na mashimo miaka kumi na moja ikasawazishwa kwa siku tatu mpaka ukingoni mwa mto. Ukingoni hapo, pale hasa palipoanzia daraja, pakasimikwa ubao mkubwa mweupe ulioandikwa HEKO. Masufuria ya pilau yakateremshwa. Somoe naye akaletwa kwenye gari la gazeti, amekaa kati ya Bwana Chipeta na kipaza sauti.

Mheshimiwa akashuka, akatembea kwenye zulia, akafika mwisho wa zulia. Mbele yake kulikuwa na maji ya rangi ya udongo, yanakwenda kwa haraka.

"Daraja liko wapi?" akauliza.

"Limepanda, Mheshimiwa," akasema katibu wake.

Mheshimiwa akatazama juu. Katibu akatazama juu. Msafara mzima ukatazama juu, mikono imekinga jua.

"Liko juu sana," akasema Mheshimiwa.

"Sana, Mheshimiwa."

"Hongereni."

Wakapiga makofi. Mheshimiwa akasoma hotuba. Akasema kwamba zamani, wakati wa watu wasio na maono, madaraja yalikuwa chini, yanakanyagwa na kila mtu, na mbuzi. Leo tunaona matunda. Akasema wapo wachache, wenye nia zao, watakaouliza watu wavukeje. "Mimi nawajibu: upande huu tuliosimama, kuanzia leo, ni ng'ambo. Tumeshavuka!"

Makofi hayajaisha, mtu mmoja nyuma akanyoosha kidole kuelekea mtoni.

Kutoka ukingo wa pili wanaume wanne walikuwa wameingia majini, wamebeba kitanda cha kamba mabegani. Maji yaliwafika kifuani, kisha shingoni. Juu ya kitanda palikuwa na mtu amefunikwa kanga ya kijani yenye maua meupe. Mkono mmoja ulikuwa umetoka nje umeshika mbao ya kitanda, na kila baada ya muda mtu yule alipiga ukelele, halafu akanyamaza.

"Wale ni nani?" akauliza Mheshimiwa.

"Wananchi, Mheshimiwa. Wanakuja kukupokea."

"Wamekuja na kitanda?"

"Ni kwa heshima yako, Mheshimiwa. Upumzike."

Mheshimiwa akakunja uso. Hakuwa mjinga, jambo ambalo watu wa Heko walilisahau mara kwa mara. "Mbona hawajapita darajani?"

Hata wapishi wa pilau waliacha kukoroga. Bwana Chipeta akamshika Somoe kiwiko, akamsogeza mbele, akamwekea kipaza sauti mdomoni.

"Mwandishi yupo hapa, Mheshimiwa. Atueleze mwenyewe, kwa hiari yake. Hakuna anayelazimishwa. Haya, mwandishi: daraja lipo, halipo?"

Somoe aliijua kanga ile ya kijani. Aliifua mwenyewe siku aliyoondoka. Wanaume walikuwa katikati ya mto sasa, mmoja ameteleza, kitanda kimeinama upande, na ule mkono ulioshika mbao ukazidi kukaza. Watu mia mbili walikuwa wakimtazama Somoe mdomoni. Hakuwahi kutazamwa na watu mia mbili. Neno moja tu lilitakiwa, na yote mawili yalikuwa mafupi.

"Lipo," akasema.

Kipaza sauti kilikuwa kizuri. Neno lile lilivuka mto, likagonga ukingo wa pili, likarudi.

Makofi yakapigwa. Mheshimiwa akala pilau.

*

Mwajabu alijifungua mtoto wa kike zahanati, nusu saa baada ya kutolewa majini. Nesi alisema wamefika kwa bahati tu. Somoe alipoingia alimkuta dada yake amelala ubavu, nywele bado mbichi, mtoto amefungwa kwenye shuka la zahanati kwa kuwa ile kanga ilikuwa inakaushwa.

"Mdogo wangu," akasema Mwajabu. "Njoo umwone. Ana masikio yako."

Somoe akamwona. Alikuwa na masikio yake kweli.

"Hebu niambie. Nilipokuwa mle mtoni nilisikia sauti yako, kubwa, kama inatoka mbinguni. Nikasema, huyu Somoe kapata wapi sauti hii? Ila maji yalikuwa yamenijaa masikioni, sikusikia maneno. Ulikuwa unasema nini?"

Somoe angeweza kusema, "Nilikuwa nakuombea." Mwajabu angeamini. Hiyo ingekuwa rasimu ya nane, na visanduku havikuwepo.

"Nilisema lipo."

"Lipo nini?"

"Daraja."

Mwajabu hakugomba. Somoe alikuwa amejiandaa kugombezwa. Njia nzima alikuwa akijipangia maneno ya kujibu. Mwajabu akamvuta mtoto karibu na kifua, akageukia ukutani.

"Funga mlango ukitoka," akasema. "Upepo."

*

Asubuhi Somoe alirudi mtoni kwa miguu. Msafara ulikuwa umeondoka. Vilibaki mafiga, mkaa, mifupa, na ule ubao wa HEKO mwishoni mwa barabara mpya. Barabara ilikuwa laini na ilishuka mtelemko moja kwa moja hadi majini. Mtu asiyejua angeona barabara nzuri inayoshuka kuelekea darajani, basi. Na aliyekuwa amesoma gazeti angekanyaga mafuta.

Somoe akaung'oa ubao, akaugeuza upande usioandikwa, akaokota kipande cha mkaa. Akaandika herufi kubwa kadiri mkono ulivyofika:

DARAJA LIMEVUJIKA

Akarudi nyuma kutazama, na damu ikampanda usoni. Ile n. Wiki tatu mjini, ghorofa saba, na n ameisahau tena. Akainama afute kwa kiganja, lakini hapo hapo akasikia lori juu ya mtelemko, linakuja kwa kasi, limejaa magunia. Hapakuwa na nafasi ya kurekebisha. Akausimika ubao katikati ya barabara, akasimama nyuma yake, ameushika kwa mikono miwili, amefumba macho.

Breki zikalia. Vumbi likamfunika. Alipofumbua macho, magurudumu ya mbele yalikuwa hatua nne kutoka kwenye ubao, na ubao hatua mbili kutoka kwenye maji.

Dereva akashuka, mtu mzima. Akatazama mto. Akatoa gazeti kwenye dashibodi, akalisoma, akautazama mto tena.

"Huku wameandika limepanda."

"Ndiyo, baba."

"Na hiki kwenye ubao, nani kaandika?"

Hapakuwa na mtu mwingine pale wa kusingiziwa. Hata angekuwepo, asingesingiziwa. "Mimi."

Dereva akasogea, akafuatisha herufi kwa kidole moja moja. "Hapa umekosea. Umeacha n."

"Najua," akasema Somoe, na akatazama chini. "Lakini umeelewa?"

Dereva akageuka kuyatazama magurudumu yake. "Nimeelewa, mwanangu. Nimeelewa vizuri sana."

Akapanda kurudisha lori kinyumenyume. Somoe akapiga magoti mbele ya ubao, akaokota mkaa, akaongeza mstari chini, polepole, kila herufi akiitaja kwa sauti: NILIYESEMA LIPO NI MIMI, SOMOE WA MTAPATA.

Dereva akatoa kichwa dirishani, akasoma.

"Huo wa chini wa nini?" akauliza. "Haumsaidii dereva."

"Huo si wa dereva," akasema Somoe.